Gitaa Letu Linauzwa
Maneno ya Katibu katika ibada ya Jubilii ya miaka 50 ya kwaya, Timau

 

 Najua kuna baridi. Mlima umejifunika tangu asubuhi, lakini chai iko tayari nyuma ya kanisa, na sitawaweka sana.

Historia ya kwaya imeandikwa na mwenyekiti katika kijitabu hiki, kwa hivyo sitairudia. Mimi nimeombwa kueleza jambo moja ambalo nimeulizwa tangu mwezi wa tatu, sokoni, kwenye matatu, hata kwenye foleni ya kupeleka maziwa: je, ni kweli kwaya inauza lile gitaa? Ni kweli. Liko pale mezani, chini ya kitambaa cheupe. Leo litapigwa mbele yenu kwa mara ya mwisho.

Naomba niwaeleze jinsi tulivyofika hapa, maana njiani nimejifunza mambo ambayo sikuyajua, ingawa kitabu cha kumbukumbu kimekaa nyumbani kwangu miaka sita.

Gitaa lile lilitengenezwa hapa Timau mwaka 1979. Aliyelitengeneza alikuwa seremala, mwimbaji wa besi katika kwaya hii, mtu wa kutengeneza vitanda, milango na majeneza. Hakuwa amesomea kazi ya magitaa. Aliazima gitaa la mtu mmoja Nanyuki kwa siku mbili, akalipima kwa kamba na penseli, akalirudisha. Uso alifanya kwa saipresi, mti uliopandwa tele kwenye misitu ya serikali kuuzunguka mlima wetu. Mgongo na mbavu ni muuru, ule ambao Waingereza waliuita mwaloni wa Meru, ingawa si mwaloni. Ubao wa vidole ni mutamaiyu, na mnajua ugumu wa mutamaiyu. Nyuzi za kwanza zilikuwa waya zilizofumuliwa kutoka kwenye kebo ya breki ya baiskeli.

Msicheke. Huko Uhispania, magitaa ya flamenco kwa miaka mingi yametengenezwa kwa mti wa jamii hiyo hiyo ya saipresi. Na Mhispania mmoja, Antonio de Torres, ambaye mafundi wa magitaa wanamhesabu kama baba yao, mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi zilizogandishwa kwa gundi, ili aonyeshe kwamba sauti inatoka hasa kwenye ule ubao wa mbele. Seremala wetu hakuwahi kusikia jina hilo. Lakini wazee wanaokumbuka wanasema uso wa gitaa aliusugua kwa wiki tatu, akiugonga kwa kidole na kusikiliza, na mgongo akaumaliza kwa siku mbili.

Siku zile gitaa kanisani lilikuwa jambo zito. Gitaa lilijulikana kama chombo cha baa. Askari walirudi nalo kutoka vita vya pili vya dunia. Mwenda Jean-Bosco wa Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, baadaye alikuja Nairobi na vijana wakaiga vidole vyake. Magharibi mwa nchi alikuwako George Mukabi, na upande wetu huu wa milima Joseph Kamaru. Wengi waliokaa kwenye viti hivi waliwasikiliza redioni, wengine kwa siri. Kumbukumbu za 1979 zinasema wazee wawili walipinga gitaa kuingia ibadani, na mmoja akaomba jina lake liandikwe. Liliandikwa. Miaka mitatu baadaye jina hilo hilo linaonekana likipendekeza gitaa lipelekwe kwenye mazishi ya ndugu yake.

Basi, mwaka huu kamati iliamua tuliuze. Sababu ni za kweli na sitazificha. Nyuzi sita za chuma zilizokazwa zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, yaani ni kama mtu mzima anayening'inia kwenye shingo ya gitaa usiku na mchana. Limening'iniwa hivyo miaka zaidi ya arobaini. Shingo imepinda, nyuzi zimeinuka mbali na ubao, na vijana wetu wakilipiga vidole vinatoka damu. Kwa miaka miwili limekaa stoo, na upepo mkavu wa Januari na Februari unazidi kuukausha mti. Vijana wanaomba kinanda. Wana haki ya kuomba.

Nikapewa kazi ya kuandika tangazo. Nililiandika jioni moja baada ya kusahihisha vitabu vya Gredi ya 5. Niliandika: "Gitaa la mkono, mbao asili, hali nzuri." Nikamsomea mume wangu. Akaniuliza kama hiyo "hali nzuri" ningemkubalia mwanafunzi wangu. Nikanyamaza. Mnajua Mithali 11:1 inasema nini kuhusu mizani. Nikalitoa gitaa stoo, nikaliweka kwenye meza ya jikoni chini ya taa, nikaanza upya.

Niliandika kwamba kuna ufa wa urefu wa kiganja kwenye uso, ulioingia siku tuliporudi kutoka mashindano gitaa likiwa juu ya matatu pamoja na magunia ya viazi. Ufunguo mmoja kati ya sita si wa asili. Daraja liligandishwa upya mara mbili. Chini ya tundu la sauti kucha zimekula rangi na kuingia kwenye mti. Huku mlimani tunapenda muziki wa kantri, kwa hivyo mnalijua gitaa la Willie Nelson, lile lenye tundu la pili lililochimbwa na mkono wake mwenyewe. Yeye amelipiga tangu 1969. Letu halijafika hapo, lakini lilikuwa njiani.

Halafu nikaangalia ubao wa vidole. Kwenye visehemu vitatu vya kwanza, karibu na funguo, chuma kimelika hadi kuna mabonde. Kuanzia cha saba kwenda mbele, ni kama jana. Nikawaza: hapo ndipo tulipoimba. Chodi tatu au nne, miaka yote hiyo, harusi kwa mazishi. Mtu akitaka kujua historia ya kwaya hii bila kusoma kijitabu, apitishe kidole pale.

Ili niandike mwaka sawasawa, nikafungua kitabu cha kwanza cha kumbukumbu. Hapo ndipo nilipopata jambo ambalo limenifanya nisimame mbele yenu leo.

Kwaya ilikubaliana na seremala bei ya shilingi 600. Alilipwa 200 alipoanza. Alilipwa 220 alipomaliza. Jumla 420. Nimesoma kila ukurasa hadi mwisho wa kitabu, na kitabu kilichofuata pia. Zile 180 hazikulipwa. Hakuna mahali alipodai, wala mahali aliposamehe. Aliendelea kuimba besi hadi mwaka aliofariki.

Wapendwa, tulikuwa tunauza kitu ambacho hatujamaliza kukilipia.

Niliipeleka habari hiyo kwenye kamati. Mmoja alisema hilo ni deni la waliokufa kwa waliokufa. Mwingine alisema tumpelekee mjane shilingi 180 na keki. Mwenyekiti akafungua Walawi 25. Sisi tumekuwa tukisema jubilii, jubilii, tukiwaza kitambaa cha sare na hema la kukodi. Pale imeandikwa kwamba mwaka wa hamsini ni mwaka wa kurudisha. Shamba linarudi kwa mwenyewe. Tulikaa kimya kidogo.

Basi mimi kama mwalimu nikafanya hesabu. Shilingi 180 ya mwaka 1979 si shilingi 180 ya leo; haiwezi hata kununua kilo chache za sukari. Lakini 180 katika 600 ni sehemu tatu za kumi. Kwa hivyo sehemu tatu za kumi za gitaa lile hazijawahi kuwa zetu. Bei yoyote tutakayopata, sehemu hiyo iende kwa familia ya fundi. Hilo kamati ilikubali bila kupiga kura.

Wanunuzi walikuja wawili. Wa kwanza ana nyumba ya wageni, na aliahidi shilingi 60,000. Alipenda hadithi, alipenda ufa, alipenda hata harufu. Alisema wazi, na namshukuru kwa ukweli wake, kwamba angelitundika ukutani sebuleni pamoja na ngao na vibuyu. Wa pili ni kijana mwalimu kutoka upande wa Isiolo, anayeanzisha kwaya katika kanisa lisilo na chombo chochote isipokuwa ngoma moja. Alisomea useremala chuo cha ufundi kabla ya ualimu. Aliligeuza gitaa, akalitazama shingo kwa jicho moja kama mtu anayelenga, akasema anaweza kulinyoosha. Alikuwa na shilingi 30,000.

Sasa sikilizeni hesabu, kwa sababu hapa ndipo penye uchungu. Kinanda tunachotaka ni shilingi 95,000. Kwaya imeweka 52,000. Kwa bei ya kwanza, tungetoa 18,000 kwa familia ya fundi na kubaki na 42,000. Tungefika 94,000, na ile elfu moja ingetoka kwenye sahani ya leo. Kwa bei ya pili, familia inapata 9,000, kwaya inapata 21,000, na tunabaki na pengo la shilingi 22,000.

Mweka hazina wetu alisema tuchukue 60,000. Alisema nyanya yetu, mjane wa fundi, anahitaji 18,000 kuliko 9,000, kwamba paa lake tunalijua, na kwamba si haki sisi kuwa wakarimu kwa pesa zake. Sikuwa na jibu. Kusema kweli, mimi mwenyewe siku hiyo nilikuwa upande wake.

Kwa hivyo mwenyekiti na mimi tukaenda kumuuliza. Tulimkuta akichambua maharagwe. Tukamsomea kumbukumbu za 1979, tukamwomba msamaha kwa niaba ya kwaya, tukamweleza bei zote mbili na sehemu yake katika kila moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza pesa. Aliuliza, "Huyo wa elfu sitini, atalipiga?"

Tukasema hapana, atalitundika.

Akarudia kuchambua maharagwe. Kisha akasema marehemu alitengeneza vitu vingi vya kukaa tu, meza na kabati, na hiki kimoja alikitengeneza kiseme. Akasema sehemu yake iwe tisa. Nilimkumbusha kuhusu paa. Akaniambia, "Mwalimu, paa ni langu, mimi nitajua."

Kamati ilipiga kura: watano kwa wanne. Gitaa linaenda Isiolo. Mweka hazina alipiga kura ya hapana na ameniomba niseme hivyo hadharani, na nakubali kwamba hoja yake ilikuwa nzuri. Aliongeza sharti moja, nalo limeandikwa: kama tumechagua moyo badala ya shilingi, basi tusije tukanung'unika mwezi ujao kwamba hakuna kinanda.

Kwa hivyo nina maombi mawili tu.

La kwanza, baada ya ibada kutakuwa na kikapu mlangoni. Pengo ni shilingi 22,000. Hatutaita majina, wala hatutasoma nani ametoa nini. Na kuhusu lile paa, vijana wa kwaya wamejitolea Jumamosi mbili, na tunatafuta mabati kumi na misumari. Nyanya amesema hataki pesa. Hakusema hataki mabati.

La pili ni kwa makatibu watakaokuja baada yangu. Andikeni kila kitu. Andikeni kilicholipwa, na kile ambacho hakikulipwa. Katibu wa 1979 angeweza kuandika tu "gitaa limenunuliwa", na leo tusingejua lolote. Aliandika tarakimu zile kwa wino wa buluu, kwa mwandiko mzuri, naye akatuachia aibu ambayo tumeweza kuiondoa.

Mpigaji wetu wa zamani, aliyelishika tangu akiwa kijana, ameketi mstari wa mbele. Vidole vyake havikunjiki vizuri siku hizi, lakini amesema wimbo mmoja atauweza, ule wa chodi tatu. Wanakwaya wa zamani, tafadhali njooni mbele, simameni na sauti zenu. Besi, acheni nafasi moja upande wa dirisha, pale alipokuwa anasimama fundi.

Ndugu yetu wa Isiolo, ukishalichukua, lifungue nyuzi kidogo kabla ya safari, na usiliweke juu ya matatu.