Glioblastoma: Saratani ya Ubongo na Matibabu Yake



Maumivu mengi ya kichwa hayana hatari. Lakini mtu mzima ambaye hajawahi kuugua kifafa akianguka na kutetemeka mwili mzima, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea, au maneno yakianza kumpotea, huyo anahitaji kupigwa picha ya ubongo. Vivyo hivyo kwa kichwa kinachouma zaidi alfajiri, pamoja na kutapika, na kuzidi kila wiki. Wakati mwingine ni tabia tu inayobadilika, jamaa wakidhani ni pombe au karogwa, na miezi inapotea.

Ugonjwa mmoja unaoweza kuonekana katika picha hiyo ni glioblastoma, saratani ya ubongo ya daraja la nne, la juu kabisa. Haiambukizi, na kwa wengi hairithiwi. Seneta John McCain wa Marekani alifariki kwayo mwaka 2018, miezi 13 baada ya kugunduliwa, na hakukosa madaktari wala fedha.

Uvimbe huu hauna mpaka. Seli zake hupenya katikati ya seli nzima kama sangari shambani: unang'oa, mizizi inabaki. Kwa hivyo daktari wa upasuaji huondoa kiasi anachoweza bila kuharibu usemi au mwendo, na kipande hupimwa maabarani. Kisha hufuata mionzi, siku 5 kwa wiki kwa wiki 6, pamoja na tembe za temozolomaidi. Baadaye tembe huendelea peke yake, siku 5 katika kila siku 28, kwa kawaida mizunguko 6. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, takriban wagonjwa 10 kwa kila 100 waliopata mionzi pekee walikuwa hai baada ya miaka 2. Walioongezewa tembe hizo walikuwa 26. Matibabu hununua muda. Kupona kabisa ni nadra sana.

Kuna dawa nyingine, deksamethasoni, inayopunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe. Mgonjwa aliyelala hoi huweza kuamka na kuongea, na familia ikadhani amepona. Hajapona, na dawa hiyo isikatizwe ghafla bila daktari.

Mionzi hupatikana katika hospitali za umma kama Kenyatta na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na pia Mombasa, Nakuru na Garissa. Safari 30 ni nyingi, hivyo malazi karibu na hospitali yapangwe mapema, na usajili wa SHA ukamilishwe kabla ya rufaa. Huduma ya kutuliza maumivu iombwe tangu mwanzo, si siku za mwisho. Na mgonjwa aulizwe, kabla ulimi haujawa mzito, angependa atunzwe wapi na nani amwamulie.