Dada, huo unga unaitwaje?

Dada yangu, hebu tuongee. Zimebaki siku nne uone hedhi. Matiti yanauma, tumbo limejaa, mdogo wako akigusa tu kalamu yako unamfokea. Kaka zako wanacheka eti unadeka. Hudeki. Yai likishapevuka homoni hubadilika, na miili mingine huyahisi sana mabadiliko hayo. Damu ikianza kutoka, unapata nafuu.

Nami nilihangaika hivyo nilipokuwa chuoni. Rafiki akanipeleka kwenye duka la dawa za Kichina, nikauziwa unga wa kahawia kwenye mfuko usio na maandishi. "Ni mizizi tu, haina madhara." Siku ya tatu nikatapika mpaka nikaishiwa nguvu. Muuguzi akaniuliza, "Umekunywa nini?" Jamani, sikuwa na jibu.

Kumbe dawa za Kichina zina majina. Inayojulikana sana kwa shida hii ni Xiao Yao San, iliyoandikwa katika kitabu cha dawa cha enzi ya Song, zaidi ya miaka 900 iliyopita. Waganga wa Kichina husema nguvu ya mwili, yaani qi, imekwama kwenye ini, ndiyo maana ya zile hasira. Ndani mna mizizi ya chai hu, dang gui, bai shao na gan cao iliyo tamu, pamoja na mnanaa na tangawizi.

Je, inatibu? Mwaka 2009 watafiti walipitia majaribio ya dawa za Kichina kwa tatizo hili wakakuta ushahidi hautoshi. Lakini usidhani ni chai tu. Gan cao ikizidi hupandisha presha. Dang gui haipatani na dawa za kuzuia damu kuganda.

Na jina likikosewa? Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake walipewa vidonge vya mitishamba ya Kichina vya kupunguza unene. Mmea mmoja ulichanganywa na mwingine wenye jina linalokaribiana, nao una sumu. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo.

Kwa hiyo anza na kalenda. Kwa miezi miwili andika kila siku unavyojisikia, kisha ipeleke zahanati. Ukiona huzuni inakuzidi mpaka unatamani kufa, usingoje miezi miwili, nenda leo. Na ukienda kwa Mchina, mwambie dawa nyingine unazotumia, au kama una mimba, na umwombe aandike jina la kila kilichomo. Akikataa, mrudishie mfuko wake.