MAFIGA MATATU YA MAENDELEO
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya, Kampala)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), naomba ruhusa nianze na birika la udhu. Sehemu kubwa ya maji ya mji wetu huvutwa Ggaba, katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Na maji machafu ya mji, ya majumbani, ya viwandani na ya mvua, hushuka kwa mfereji wa Nakivubo hadi katika ghuba hiyo hiyo. Kati ya uchafu huo na birika letu kipo kinamasi, upande wa Bugolobi na Luzira. Mafunjo yake hupunguza mwendo wa maji, matope yakatua chini, na mizizi ikafyonza sehemu ya uchafu. Kazi hiyo huifanya usiku na mchana, wala hayadai mshahara.

Lakini tumekipunja kinamasi hicho haki yake. Viwanda na maghala vimejengwa ukingoni. Ndani yake mafunjo yamekatwa, pamelimwa magimbi na miwa. Kinamasi kikipungua, uchafu mwingi zaidi hufika ziwani, na gharama ya kusafisha maji huongezeka. Gharama hiyo humfikia kila mwenye kuteka, tajiri na maskini.

Je, tuseme viwanda vibomolewe na wakulima wafukuzwe? Hasha! Kiwanda ni riziki ya vijana wetu, na mama alimaye magimbi pale huenda hana shamba jingine. Kumwondoa yeye kwa usiku mmoja, na kuliacha ghala la tajiri, si kuhifadhi nchi bali ni dhuluma. Maendeleo ni chungu juu ya mafiga matatu: uchumi, maumbile ya nchi, na hali ya watu. Ondoa figa moja, chungu kitapinduka.

Fiqhi yetu ililijua jambo hili zamani. Wanazuoni waliweka harimu ya kisima na ya mto, yaani eneo la pembezoni ambalo mtu hana ruhusa ya kulitwaa akawadhuru watumiaji wa maji. Nayo Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 237, imeyaweka maziwa, mito na vinamasi mikononi mwa Serikali kuwa amana kwa manufaa ya raia wote. Neno amana si geni masikioni mwetu.

Basi natoa mashauri matatu. Kwanza, jumuiya isinunue wala isipokee wakfu wa kiwanja kilichomo kinamasini, hata kikiwa cha bure. Pili, wenye viwanda miongoni mwetu wayasafishe maji yao kabla ya kuyatoa. Tatu, atakiwaye kuhama apewe kwanza pengine pa kulima, au kazi ya kumlisha. Nasi tumsaidie kwa sadaka zetu.

Wazee wetu walituachia misikiti juu ya vilima, Kibuli na kwingineko. Wajukuu wetu watatuuliza tumewaachia nini mabondeni. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watunzaji wa amana.

Wabillahi tawfiq.