Mtoto Akizidisha Dawa, Tusimfiche



Leo tuzungumze juu ya watoto wetu walio shuleni na vyuoni. Wapo wanaotumia gongo, bangi, vidonge vya usingizi, na hata heroini, ile inayoitwa unga. Tukisikia, tunaona aibu. Tunafunga mlango. Lakini aibu hiyo inaweza kumwua mtoto.

Kwa nini? Heroini, vidonge vya usingizi na gongo vikizidi hudhoofisha pumzi. Vikichanganywa, hatari ni kubwa zaidi. Kijana analala, anakoroma vibaya, midomo inabadilika rangi, haamki hata akiitwa. Sisi tunasema, "Mwacheni, ulevi utamtoka." Kumbe pumzi inakatika!

Basi tufanye nini?

1. Tumwite na kumtikisa. Asipoamka, tuite watu mara moja.
2. Kama anapumua, tumlaze ubavu, ili akitapika asipaliwe.
3. Tusimnyweshe maziwa, maji wala kitu chochote. Tusimwache peke yake.
4. Tumpeleke zahanati au hospitali upesi. Tumweleze mganga ukweli: ametumia nini, saa ngapi. Iko dawa iitwayo naloksoni, inayorudisha pumzi ya aliyezidisha heroini. Mganga asipoambiwa, atajuaje?

Kama kijiji hakina barabara, tujue mapema nani ana boti ya injini. Tusianze kuulizana usiku wa manane.

Liko jambo jingine ambalo wengi hatulijui. Kijana akiacha heroini kwa majuma machache, mwili wake hupoteza uzoefu. Akirudia kipimo kile kile cha zamani, kinaweza kumwua. Kwa hiyo aliyeacha ndiye anayehitaji sana watu wa kuwa naye. Tusimpige, tusimfungie ndani, tusimwite teja. Wazazi, walimu na kamati ya shule wakae pamoja, wapange namna ya kumrudisha darasani. Akifukuzwa, atakwenda wapi kama si kule kule alikotoka?

Uraibu ni ugonjwa, nao una matibabu. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa waraibu wa heroini methadoni. Ni dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu. Inatuliza arosto, na mtu anaweza kurudi kwenye kazi au masomo. Baadaye huduma hiyo ilifika mikoani, kama vile Mwanza na Mbeya. Sisi wa Kigoma tuanzie Hospitali ya Maweni, tuulize njia.

Ndugu zangu, tulipoanza darasa la watu wazima, wapo waliotucheka. Walisema samaki amekwisha kauka, hakunjiki tena. Leo tunasoma gazeti. Basi na sisi tusimwambie kijana huyu kwamba amekwisha.

Haya, tujadiliane. Katika kijiji chako, usiku mtoto akizidiwa, utamwamsha nani kwanza?