Kazi ya Kukata Kwato za Ng'ombe
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama siku ya kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi ambayo vijana wetu kadhaa wamekuwa wakiniuliza habari zake, nayo ni kukata kwato za ng'ombe kwa malipo. Najua ya kwamba sherehe ni siku ya kusifu yaliyotendeka. Niwieni radhi, kwani nitanena juu ya jambo ambalo katika miaka hii 10 bado hatujalitenda.

Ng'ombe wa tambarare hutembea mchana kutwa juu ya mawe na changarawe, na ukwato wake hulika kwa kadiri unavyoota. Sisi wa vihamba vya Kilimanjaro, tangu enzi za wazee wetu, twamfuga ng'ombe zizini na kumletea majani na migomba. Ukwato wake huota karibu milimita 5 kila mwezi, yaani sentimita 3 kwa nusu mwaka, wala hakuna kitu cha kuusugua. Ncha hurefuka na kupinda juu, uzito wa mnyama hurudi kisiginoni, na hapo kidonda hupata njia, hasa katika ukwato wa nje wa mguu wa nyuma. Ng'ombe mwenye maumivu hulala sana na kula kidogo. Hata akiwa katika joto hatambulikani, kwa kuwa hawezi kupanda wenziwe. Mwenye mali huona maziwa yamepungua, akailaumu pumba. Akina mama, ambao ndio wapelekao majani, huligundua jambo hili mapema zaidi, na kijana aanzaye kazi afadhali aongee nao kwanza.

Vyombo si vingi: kisu cha kwato chenye ncha iliyopindwa, koleo la kukatia, tupa, kamba imara, na kizuizi cha miti ambamo ng'ombe husimama mguu wake ukiinuliwa na kufungwa. Seremala wa kijijini aweza kukitengeneza. Lililo gumu ni ujuzi. Mafundi wengi duniani hufuata njia ya Bwana E. Toussaint Raven, mganga wa mifugo wa Utrecht, Uholanzi, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1985. Katika mguu wa nyuma huanza na ukwato wa ndani, wakaupunguza hadi urefu wa mbele uwe sentimita 7.5, wakiacha wayo usiopungua milimita 5. Kisha huusawazisha ule wa nje ulingane na mwenziwe, na kuchimba kidogo katikati ili tope lisikwame. Kipimo hicho ni cha ng'ombe wakubwa wa Kizungu. Machotara wetu wadogo wataka jicho la fundi. Mtu akataye mpaka damu itoke amemtia kilema ng'ombe wa watu.

Tena sharti aoshe vyombo na viatu vyake kwa dawa kila atokapo zizi moja kwenda jingine, asije akawa yeye ndiye mchukuzi wa ugonjwa wa midomo na miguu. Akiona usaha, kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo.

Sasa hesabu. Tuseme fundi akata ng'ombe 6 kwa siku, siku 4 kwa juma, majuma 48 kwa mwaka. Hizo ni kazi 1,152. Kila ng'ombe akikatwa mara 2 kwa mwaka, fundi ahitaji ng'ombe 576; na kama kila nyumba ina wawili, ahitaji nyumba 288. Tuseme pia malipo ni bei ya lita 4 za maziwa kwa ng'ombe mmoja. Mwenye ng'ombe wawili atatoa lita 16 kwa mwaka, na ng'ombe mchechemeaji akipunguza lita 2 kila siku, hasara hiyo hutimia kwa siku 8 tu.

Lakini nani atampa kijana mmoja nyumba 288? Akibisha hodi peke yake ataitwa kwa ng'ombe walioumia tayari, na malipo yatakuwa ya kesho na keshokutwa. Vijana wawili niliowafahamu waliacha kazi kwa sababu hiyo, wala si kwa kukosa ujuzi. Chama chetu kina daftari la wapeleka maziwa, kina siku ya malipo, na kina njia ya kukata deni katika malipo hayo. Ajabu ni kwamba twatumia njia hiyo kwa pumba na dawa za kupe, lakini si kwa miguu ibebayo ng'ombe mwenyewe.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ipeleke mbele ya Mkutano Mkuu pendekezo hili: Chama kiwakopeshe vijana wawili vyombo na vizuizi, wafundishwe kwanza chini ya daktari wa mifugo, vyama vya msingi viwapangie zamu ya vijiji, na malipo yao yakatwe kwenye maziwa kila mwezi. Wajumbe wa vyama vya msingi wanaweza kuanza kuandika hesabu ya ng'ombe wao juma hili.