Bibi na Mjukuu: Nani Atapokea Mzigo?

(Maneno yaliyotolewa katika mkutano wa kamati za parokia na wafadhili)



Leo tunaomba tuzungumze juu ya watu wawili ambao kila mmoja wetu anawafahamu: bibi na mjukuu wake.

Katika mila zetu, bibi ni kimbilio. Mtoto akichapwa na mama, hukimbilia kwa bibi. Bibi humtania mjukuu wake wa kiume kwa kumwita "mume wangu", kisha humtuma maji, naye mtoto huenda akicheka. Wazazi hulea kwa ukali, bibi na babu hulea kwa utani na hadithi.

UKIMWI ulivuruga mpango huo. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, nyumba nyingi za mkoa huo zilibaki na wazee na watoto tu, katikati hakuna mtu. Bibi aliyetarajia kutunzwa na wanawe aliwazika, kisha akashika jembe tena katika shamba la migomba na mibuni ili awalishe wajukuu. Ilimbidi awe mama, baba na bibi kwa wakati mmoja. Mtoto akachapwa na bibi yule yule ambaye zamani angemkimbilia.

Sisi nasi tulikosea. Tuliandikisha yatima, tukagawa daftari na sare za shule. Bibi tulimwandika kama "mlezi" tu, pembeni mwa fomu. Siku moja tulifika kwa bibi mmoja mwenye wajukuu watatu. Alipokea mzigo, akatushukuru, kisha akauliza: "Wanangu, daftari nimeziona. Nikiondoka mimi, hawa mtamkabidhi nani?" Hatukuwa na jibu.

Swali lile halijapita. Ni kweli dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na wazazi wengi wamepona kifo. Lakini bado wapo wajukuu wanaolelewa na wazee, wengine kwa sababu wazazi wamekwenda mijini kutafuta kazi. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wenye miaka 70 na zaidi pensheni, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha ya mzee haiishii kwa mzee. Hufika kwenye sufuria na kwenye kalamu ya mjukuu.

Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo matatu.

Kwanza, kila kamati iandike nyumba ambazo mzee analea wajukuu, na iandike pia afya ya mzee mwenyewe. Nani humchotea maji akiugua?

Pili, tuwasaidie wazee kuweka wosia wangali na nguvu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Lakini shamba la bibi au babu lisiposemewa, ukoo hugombana na mtoto hukosa pa kusimama. Katika sheria za mila, wosia wa mdomo huhitaji mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wajumbe wa kamati wanaweza kuwa hao wa nje.

Tatu, tulinde kumbukumbu. Nchini Uganda, kinamama wa chama cha NACWOLA walianza katika miaka ya 1990 kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Bibi asiyejua kuandika anaye mjukuu anayejua. Waketi jioni, mmoja aseme, mwingine aandike: majina ya wazazi, makaburi yalipo, mipaka ya shamba. Hapo bibi hurudi kuwa bibi.

Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo hakusahau kumtaja bibi yake Loisi. Nasi tusiwaache kina Loisi wetu pembeni mwa fomu.

Tulirudi kwa yule bibi tukiwa na mashahidi wanne. Alisema yote, hatua kwa hatua, hadi mti wa mpaka. Alipomaliza alimgeukia mjukuu wake mkubwa akasema: "Haya, mume wangu, nenda kachote maji." Mtoto alicheka.