Kiti cha Mbele ni cha Nani? Haki na Adabu ya Kumpandisha Abiria Daraja

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wahudumu wa usafiri wa ziwani, barabarani na angani, Port Victoria, Kaunti ya Busia



Nilipoombwa kuzungumzia abiria wa ndege wanaopandishwa daraja, mmoja wenu alinipigia simu akaniuliza: sisi watu wa boti na matatu yatuhusu nini hayo? Nimelibeba swali lake hadi hapa, na jibu nimelikuta asubuhi hii ufuoni. Nahodha alikuwa anapakia watu wa kwenda visiwani. Wewe mwenye gunia, keti katikati. Kijana, hamia upande ule. Mama mwenye mtoto, sogea huku maji yasikokurukia. Watu waliinuka, wakahama, wakakaa. Hakuna aliyeuliza kwa nini mama yule amepewa pakavu, wala hakuna aliyehisi ametukanwa kwa kutolewa alipokuwa ameketi. Kila mmoja aliiona boti ilivyoinama na alimwona mtoto alivyo mchanga.

Hoja yangu nzima imo ndani ya boti ile. Kumpa abiria nafasi bora kuliko aliyoilipia ni haki ikiwa anayeigawa anaweza kuitaja sababu kwa sauti, mbele ya waliobaki nyuma, nao wakaielewa hata kama haiwafurahishi. Sababu inayohitaji kunong'onezwa ni upendeleo, hata ikivalishwa sare na tai.

Namna viti vinavyogawiwa

Wengi wetu tunaosafiri kwa ndege kutoka Kisumu kwenda Nairobi hatukutani sana na jambo hili, kwa kuwa safari yenyewe haifiki saa moja na baadhi ya ndege hazina madaraja. Jambojet, iliyoanza kuruka mwaka 2014, hutumia Dash 8 Q400 zenye viti 78, na wote ni abiria wa daraja moja. Embraer 190 za Kenya Airways ni habari nyingine: viti 12 vya daraja la biashara mbele, kisha pazia, kisha viti 84 vya daraja la kawaida. Daraja la kwanza lenyewe, lile la vitanda na milango, hulikuti katika ndege zetu. Liko kwa mashirika machache ya masafa marefu, kama Emirates. Kwa hiyo Mkenya akisema amepandishwa daraja, mara nyingi ana maana kwamba amevushwa pazia.

Anavushwaje? Watu hudhani ni ukarimu wa mfanyakazi wa kaunta, na dhana hiyo ndiyo inayozaa kubembeleza na kununa. Ukweli ni kwamba mashirika mengi huuza tiketi nyingi kuliko viti, yakijua kwamba kila siku wapo watakaokosa kufika. Siku ambayo wote wamefika, nyuma panajaa na mbele pana viti vitupu. Shirika huwasogeza wachache mbele ili wengine wapate pa kukaa nyuma. Kwa hiyo hata yule asiyehamishwa amefaidika, maana bila kuhama kwa mwenzake pengine angeachwa uwanjani.

Orodha ya kuhamishwa huwa na mpangilio. Kwa kawaida hutangulia wenye kadi za juu za uaminifu, yaani wasafiri wa mara kwa mara. Kisha hufuata waliolipa nauli kamili kabla ya walionunua tiketi za bei ya chini. Asafiriye peke yake ni rahisi kumhamisha kuliko familia ya watano. Zipo pia njia za wazi za kununua nafasi hiyo: kulipia nyongeza kaunta, kutumia pointi, au kutaja bei kabla ya safari na kusubiri kuona kama shirika litaikubali. Kwa maoni yangu njia hizi hazina ubaya. Mwenye fedha amenunua kitu kilichokuwa kinauzwa kwa kila mtu, na sababu yake hutajika bila aibu.

Unaweza kubishana nami kuhusu kadi. Msafiri wa mara kwa mara aghalabu ni mtu wa ofisi ambaye tiketi zake hulipiwa na mwajiri, kwa hiyo anazawadiwa kwa fedha zisizo zake. Hilo ni kweli na linanisumbua. Hata hivyo kanuni imeandikwa, kila mtu anaweza kuisoma, na mfanyakazi wa kaunta anaweza kuitamka bila kuinamisha uso.

Jambo lililonitokea

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi kaunta ya shirika moja la ndege. Jioni moja ndege ilijaa kupita kiasi, na mbele palibaki kiti kimoja. Aliyekuwa juu kwenye orodha yangu ni mama wa makamo ya bibi yangu, ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, anatembelea mkongojo. Watoto wake walikuwa wamemkatia tiketi asubuhi ileile kwa nauli kamili. Kwa kanuni kiti kilikuwa chake, na kwa ubinadamu kilikuwa chake pia. Nilikuwa nimeshashika tiketi yake mkononi.

Simu ikalia. Kuna mheshimiwa anakuja, mpe kile cha mbele. Mheshimiwa akafika, tiketi yake ni ya bei ya chini, nikampa.

Mama alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu na aliyaona yote. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huyu amelipa kunishinda?" Nikamjibu, "Ndege imejaa, mama." Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake polepole. Ndege ilikuwa imejaa kweli, lakini hakuwa ameniuliza hilo. Nimeitwa muongo mara nyingi na abiria wenye hasira nilipokuwa nasema ukweli. Mama yule hakuniita lolote, na nilikuwa nimemdanganya.

Tuna msemo kwamba mwenye nguvu mpishe. Njiani, mbele ya fahali, msemo huo una busara. Kwenye kaunta ya kugawa viti hauna nafasi, kwa sababu unayempisha mwenye nguvu humpishi kwa mwili wako mwenyewe, unampisha kwa kiti cha mtu mwingine.

Kwa nini jambo hili linatuuma sisi wa ziwani

Neno daraja halikufika kwetu na ndege. Reli ya Uganda ilipofika Desemba 1901 mahali walipopaita Port Florence, Kisumu ya leo, ilikuja na mabehewa ya daraja la kwanza, la pili na la tatu. Kwa desturi ya ukoloni Mzungu alikaa la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Meli zilizopokea abiria wa reli kwenye gati la Kisumu na kuwazungusha ziwani nazo zilikuwa na madaraja yao. Ndege za majini za Imperial Airways zilianza kutua Kisumu mwaka 1931, na kwa muda Kisumu ndipo abiria wa kwenda kusini walipobadilisha ndege. Ndani ya ndege hizo hapakuwa na haja ya pazia, kwani nauli yenyewe ilikuwa imeshachagua nani aingie.

Ndiyo maana mzee wa hapa akimwona mtu anaitwa pembeni na kupelekwa mbele, swali la kwanza moyoni mwake ni nani amemchagua na kwa kigezo gani. Tusiseme ana wivu. Kizazi cha baba yake kiliona kigezo kikiwa rangi ya ngozi.

Kuna tukio jingine ambalo nalitaja kwa heshima ya marehemu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa nayo watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 800. Orodha ya abiria ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Meli ilizama kwa sababu zake, na sisemi kwamba madaraja ndiyo yaliyoizamisha. Nasema kwamba siku ile ndugu wa abiria wa juu walikuwa na karatasi ya kutafutia jina, na ndugu wa abiria wa chini hawakuwa nayo. Wale 443 waliandikwa kwa tiketi waliyonunua. Wengine hawakuandikwa kwa tiketi waliyonunua. Kila ninapofikiria tofauti kati ya kiti na kiti, pale ndipo naweka mstari: unene wa mto na ladha ya chakula vinaweza kupishana kwa nauli, lakini kuandikwa jina, jaketi la kuokolea na neno la heshima haviuzwi kwa daraja.

Kwa sababu hiyohiyo abiria wawili wasibadilishane viti kimyakimya ndani ya ndege, hata kwa nia njema. Ukitaka kumpisha mzee kiti chako cha mbele, mwite mhudumu akubali kwanza. Ndege ina mizani kama boti, na jina linapaswa kujulikana limekaa wapi.

Kushushwa nako kupo. Umelipia mbele, unaambiwa urudi nyuma. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ambayo naipenda kwa uwazi wake. Shirika likikupandisha daraja haliruhusiwi kukudai nyongeza. Likikushusha, linakurudishia asilimia 30 ya bei ya tiketi kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, na hufikia asilimia 75 kwa safari ndefu kabisa. Abiria halazimiki kujua mtu. Anahitaji kujua namba ya kanuni tu.

Waheshimiwa na zawadi ya kiti

Novemba 2015 Rais John Magufuli wa Tanzania aliwazuia maofisa wa serikali kusafiri daraja la kwanza na la biashara, isipokuwa Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu. Alilieleza Bunge kwamba katika miaka miwili ya fedha safari za nje ziliigharimu nchi zaidi ya shilingi bilioni 356 za Tanzania. Watu walibishana kuhusu ukali wake, nami siingii humo. Ninachokiheshimu ni kwamba alitaja walioruhusiwa kwa vyeo vyao, hadharani, na akataja gharama.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 inasema katika Kifungu cha 76 kwamba zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli rasmi ni zawadi kwa Jamhuri. Sasa fikirini kiti cha mbele ambacho afisa anayesimamia usafiri amepewa bure na kampuni anayoisimamia. Kiti hakiwezi kupelekwa hazina ya serikali. Kimekaliwa, kimekwisha. Basi njia pekee ya kukirudisha ni kutokikubali. Nanyi wenye matatu mnalielewa hili kuliko mtu wa ndege, kwa kuwa kiti cha mbele kando ya dereva mmekitoa mara ngapi kwa mtu ambaye mnahofia atawasimamisha barabarani kesho?

Adabu ya pande tatu

Mhudumu asitangaze kwa mbwembwe. Anayehamishwa aitwe taratibu, aambiwe kwa sentensi moja kwa nini, na anayeuliza ajibiwe sentensi ileile. Ikiwa sentensi hiyo haitoki mdomoni, kiti kibaki kitupu.

Abiria anaruhusiwa kuuliza mara moja. "Kama kuna nafasi mbele, naomba mnikumbuke, mguu wangu unauma." Hilo ni ombi la mtu mzima. "Unajua mimi ni nani?" si ombi. Vilevile kusingizia fungate au ugonjwa ni kumnyang'anya aliye mgonjwa kweli, kwa sababu mhudumu aliyedanganywa mara tatu hamwamini wa nne.

Aliyepandishwa akae kama wenyeji wa pale. Asiwaite rafiki zake wavuke pazia kuja kuona, asipitishe vinywaji nyuma kwa mkono, asiwapige picha waliolala. Hakulipia zaidi, lakini jirani yake alilipa, na utulivu ni sehemu ya alichonunua. Akipita nyuma kumsalimia aliyekuja naye, asalimie na arudi.

Kuhusu mtu na wenzake aliokuja nao, hapo sijatulia. Mzazi akiitwa mbele na mtoto mdogo akabaki, jibu ni rahisi: akatae, au amwombe mhudumu amhamishe mwingine. Lakini mume na mke watu wazima, kiti ni kimoja, mke ndiye mwenye kadi na mume ndiye mwenye mgongo mbovu. Kanuni imemwita mke. Yeye anataka kumpa mume. Nyuma yao yuko abiria wa pili katika orodha, ambaye angekipata kiti hicho kama mke angekataa. Je, nafasi uliyopewa kwa jina lako unaweza kuirithisha, au ukiikataa inarudi kwenye orodha? Nahodha wa asubuhi nilimuuliza hili kabla ya kuja hapa ukumbini. Alifikiri kidogo akasema kwenye boti yake nafasi ni ya boti, humpi mtu. Mhudumu mwenzangu wa zamani aliniambia kinyume chake, kwamba zawadi ni ya aliyepewa. Mwenyekiti, naomba majadiliano yaanzie hapo, na wa kwanza awe mmoja wa mama zetu wanaopanda boti kila siku ya soko.